Kuingiza ramani ya kiwanja kwenye programu ya usanifu majengo kwa skeli sahihi

Programu za usanifu majengo hupokea ramani yoyote zinayopewa. Ukiingiza picha ya ramani katika AutoCAD, Revit, ArchiCAD au SketchUp, itatokea kwenye skrini na rangi zake zote na utaweza kuanza kuchora kuta juu yake papo hapo, wala programu haitakuuliza kama mita moja ya mchoro ni mita moja ya ardhini. Kosa lililoingia hapo hupenya kwenye mchoro wa msingi, kwenye maombi ya kibali cha ujenzi na kwenye makadirio ya gharama, hadi siku fundi anapofunga kamba kiwanjani na kona ya jengo ikaangukia upande wa jirani. Kwa hiyo kazi ya skeli inapaswa kukamilika kabla ya mstari wa kwanza wa jengo kuchorwa, na inapaswa kufanywa kwa namba zinazoweza kuhakikiwa, kwa sababu kuivuta picha kwa kipanya mpaka ionekane imekaa vizuri hakuthibitishi chochote.

Mwongozo huu unafuata kazi moja ya mfano: nyumba ya makazi katika kiwanja kilichopimwa huko Mbezi, Dar es Salaam, si mbali na ukingo wa mto. Namba za bikoni (alama za mpaka kwenye kona za kiwanja) nitakazotumia nimezitunga kwa ajili ya hesabu, lakini ziko katika eneo ambalo kodineti halisi za Mbezi, yaani namba za mahali, huangukia. Zana kuu ya maandalizi ni QGIS, programu ya ramani inayopatikana bure, kisha kazi inahamia kwenye programu ya usanifu unayoitumia.

Kupanga nyaraka kwa uzito wake

Msanifu huwa na vyanzo kadhaa mezani, na havina uzito sawa. Kinachotangulia vyote ni ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, yenye namba za bikoni, kodineti za kila bikoni na urefu wa kila upande. Hiyo ndiyo inayosema mpaka wa kiwanja uko wapi, na picha ya setilaiti haiwezi kuipinga hata ikiwa na mwonekano mzuri kiasi gani. Kinachofuata ni picha ya droni, iwapo iliunganishwa na alama za ardhini zilizopimwa na mpima ardhi. Baada yake zinakuja data za OpenStreetMap, ambazo kwa Dar es Salaam zina maelezo mengi kutokana na mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 na kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa katika kuchora barabara, nyumba na mifereji ya kata zinazokumbwa na mafuriko. Data hizo ni hazina kwa msanifu anayetaka kuelewa jirani wanavyokaa, maji yanakopita na gari litaingilia wapi. Hata hivyo, nyumba nyingi katika OpenStreetMap zilichorwa juu ya picha za setilaiti ambazo zenyewe huweza kuwa zimesogea mita kadhaa, kwa hiyo zitumie kuonyesha mazingira na usizitumie kupimia mpaka.

Mwisho kabisa ni ramani ya karatasi iliyoskaniwa. Kabla ya kuitumia, fanya hesabu fupi ya uwezo wake. Kwenye ramani ya 1:50,000, mstari wa wino wenye unene wa milimita 0.3 unafunika mita 15 za ardhi, kwa hiyo ramani hiyo itakuonyesha bonde na barabara kuu lakini haiwezi kukuambia ukuta wa jirani uko wapi. Ramani ya 1:2,500 iliyoskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi ina pikseli zenye upana wa sentimita 21 ardhini, na ya 1:1,000 sentimita 8.5. Hakuna utaalamu wa kompyuta unaoweza kutoa kwenye karatasi usahihi ambao karatasi haikuwa nao.

Leseni nayo izingatiwe mapema. Data za OpenStreetMap zinaruhusiwa kutumika hata katika kazi za malipo, ilimradi chanzo kitajwe kwenye mchoro. Masharti ya Google yanakataza kuchora juu ya picha zake ili kutengeneza ramani nyingine, hivyo usiifanye Google Maps kuwa karatasi ya kunakilia.

Kujua namba zimeandikwa kwa mfumo gani

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na ndipo ningemwomba msomaji asiwe na haraka. Ramani nyingi za upimaji za Tanzania, Kenya na Uganda zimeandikwa kwa datamu (msingi ambao namba za mahali hupimiwa) ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880. GPS ya simu, picha za droni na OpenStreetMap zote hutumia WGS 84. Tanzania ina pia mfumo mpya wa taifa, TAREF11, ambao kwa kazi ya msanifu unakaribiana sana na WGS 84. Tatizo ni kwamba mifumo hii yote huandikwa kwa gridi ya UTM, inayoigawa dunia katika kanda na kutaja mahali kwa umbali wa mashariki na wa kaskazini, kwa mita, na kwa Mbezi yote hutoa namba ya mashariki inayoanzia laki tano na ishirini na kitu na namba ya kaskazini ya milioni tisa na kitu. Kwa macho hazitofautiani. Ardhini, bikoni ileile ya Dar es Salaam ikisomwa kwa Arc 1960 na kwa WGS 84 hutofautiana takriban mita 300 kwa kaskazini-kusini na karibu mita 100 kwa mashariki-magharibi.

Fikiria maana yake kwa kiwanja chetu kilicho karibu na mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari na ziwa. Msanifu aliyeweka bikoni za Arc 1960 juu ya mto uliopakuliwa kwa WGS 84 anaweza kuona kiwanja chake kikiwa salama kabisa, wakati kwa kweli kipo ndani ya eneo la hifadhi, au akakikataa kiwanja kizuri kwa sababu mto umeonekana kukipitia katikati. Na kwa kuwa umbali wa bikoni hadi bikoni haubadiliki, kupima urefu wa pande za kiwanja hakutamfichulia kosa hilo.

Kila mfumo una msimbo wa EPSG ambao QGIS huutumia. Kwa kanda ya 37 Kusini, yaani Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, Arusha, Nairobi na Mombasa, Arc 1960 ni 21037 na WGS 84 ni 32737. Kwa kanda ya 36 Kusini, yenye Dodoma, Iringa, Mbeya na Mwanza, misimbo ni 21036 na 32736. Mpaka wa kanda hizo mbili ni longitudo ya nyuzi 36 mashariki. Kigoma iko kanda ya 35, na Kampala, kwa kuwa iko kaskazini ya ikweta, hutumia kanda ya 36 Kaskazini, ambayo misimbo yake ni 21096 na 32636. Ramani za zamani za viwanja nchini Kenya zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu nyingi zilipimwa kwa projeksheni (namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa) ya Cassini-Soldner na kwa futi. Hizo mpe mpima ardhi azibadilishe, usijaribu kuzikadiria mwenyewe.

Kama ramani ya upimaji haikuandika jina la datamu, kuna jaribio rahisi. Nenda kwenye bikoni moja na simu, soma kodineti za GPS, kisha uzigeuze kuwa UTM ya WGS 84 katika QGIS. Simu hukosea mita chache tu, hivyo tofauti ya mita 300 haiwezi kujificha. Ikiwa namba ya kaskazini kwenye ramani ni kubwa kuliko ya simu kwa takriban 300 na namba ya mashariki ni ndogo kwa karibu 100, ramani yako ni ya Arc 1960.

Kuepuka skeli ya ramani za mtandaoni

Picha za ramani zinazoonekana kwenye intaneti, pamoja na zile zinazowekwa kama leya (tabaka) ya chini katika QGIS, zimechorwa kwa projeksheni ya Web Mercator, yenye msimbo 3857. Namba zake zinaitwa mita, lakini hazilingani na mita za ardhini. Kadiri unavyoenda mbali na ikweta ndivyo zinavyonyooka: London mita 100 huhesabiwa kama zaidi ya mita 160. Watu wa Afrika Mashariki huambiwa kwamba tuko karibu na ikweta na kwa hiyo hatuna la kuhofia, na kauli hiyo ni nusu ya kweli. Katika latitudo ya Dar es Salaam, mita 100 za mashariki-magharibi huwa 100.7, na mita 100 za kaskazini-kusini huwa takriban 101.4. Pande mbili zimenyooka kwa viwango tofauti, kwa hiyo hata ukiirekebisha picha kwa kutumia umbali mmoja unaoujua, umbali wa upande mwingine utabaki na kosa. Katika mita 60 za ukingo wa mto, hiyo ni karibu mita nzima.

Dawa yake ni kubadilisha projeksheni kabla ya kutoa faili, na wala haichukui muda. Katika QGIS weka mradi wote kwenye 21037, au 32737 iwapo mpima ardhi wako anafanya kazi kwa WGS 84. Kisha kila leya unayotaka kuihamisha uihifadhi upya kwa msimbo huo: vekta (leya ya mistari na nukta) kwa kuihifadhi kama faili jipya, na picha kwa kuitoa kama GeoTIFF, yaani picha inayobeba kodineti zake. Kubadilisha mwonekano wa mradi pekee hakutoshi, kwa sababu faili la asili hubaki na namba zake za zamani, na hizo ndizo zitakazoingia kwenye programu ya usanifu.

QGIS inapohama kutoka WGS 84 kwenda Arc 1960 hukupa orodha ya njia za kubadilishia, kila moja ikiwa na kiwango chake cha usahihi. Soma namba hiyo. Njia hizi zilikokotolewa kwa eneo kubwa la nchi nzima au zaidi, na usahihi wake ni wa mita nyingi, haufiki sentimita. Zinatosha kuleta barabara na mto mahali pake kwa kuangalia mazingira. Kwa umbali wa mita 60, ambao una uzito wa kisheria, mwombe mpima ardhi apime ukingo wa mto kutoka kwenye bikoni zilezile za kiwanja.

Kuandika bikoni badala ya kuzifuatisha

Mpaka wa kiwanja uandike kwa namba. Usiufuatishe juu ya picha iliyoskaniwa wakati kodineti ziko kwenye jedwali pembeni mwa ramani hiyohiyo. Tuseme bikoni A ina mashariki 522,140.25 na kaskazini 9,254,870.60, na bikoni B ina mashariki 522,170.25 na kaskazini 9,254,910.60. Tofauti ni mita 30 kwa mashariki na mita 40 kwa kaskazini, kwa hiyo upande wa AB una mita 50.00. Linganisha jibu hilo na urefu ulioandikwa kwenye ramani, na ufanye hivyo kwa kila upande. Tarakimu moja iliyosomwa vibaya, 3 ikawa 8 au 1 ikawa 7 kwa sababu ya fotokopi hafifu, itajitokeza mara moja.

Kuna kosa moja ambalo jaribio hili haliligundui. Katika jedwali nyingi safu ya kaskazini huandikwa kwanza na ya mashariki baadaye, ilhali AutoCAD husoma X, ambayo ni mashariki, kisha Y, ambayo ni kaskazini. Ukizibadilisha safu hizo, kiwanja kitageuka kama kinavyoonekana kwenye kioo: urefu wa kila upande utakuwa sahihi, eneo la mita za mraba litakuwa sahihi, hata pembe zitalingana, lakini barabara itakuwa upande usio wake. Lifuatilie kwa mpangilio wa bikoni. Kama kwenye ramani ya upimaji A, B, C na D zinazunguka kwa mwelekeo wa saa, lazima zizunguke hivyohivyo kwenye skrini yako, na mshale wa kaskazini uelekee juu.

Kupunguza namba kubwa

Nchi zilizo kusini ya ikweta huongezewa mita 10,000,000 kwenye namba ya kaskazini ya UTM ili isiwe hasi. Matokeo yake, namba za kaskazini za Tanzania bara na Zanzibar zote ni kubwa mno, kati ya milioni 8.7 na milioni 9.9. Programu nyingi huchora kwenye skrini kwa namba za desimali za biti 32, ambazo zikivuka 8,388,608 haziwezi kutofautisha kitu chochote kilicho chini ya mita moja. Kama mchoro wako uko kwa milimita, hali ni ileile: nukta mbili zilizo jirani zinaachana kwa milimita 1,024. Ndiyo sababu msanifu wa Dar es Salaam huona mistari ikitetemeka anapokuza mchoro, michirizo ya kujazia ikikataa kutokea na miduara ikiwa na kona, wakati AutoCAD yenyewe imehifadhi namba hizo bila kasoro ndani ya faili.

Suluhisho ni kuchagua namba nzima za kutoa na kuziandika wazi. Kwa kiwanja chetu toa 522,000 kwa mashariki na 9,254,000 kwa kaskazini. Bikoni A itakuwa 140.25 na 870.60, bikoni B itakuwa 170.25 na 910.60. Chagua namba zinazoishia kwa sufuri tatu ili mtu yeyote aweze kuzirudisha kichwani, na usizungushe mchoro katika hatua hii. Kisha weka ndani ya mchoro maandishi yanayosomeka hivi: «Arc 1960, UTM 37 Kusini. Ili kupata kodineti halisi ongeza mashariki 522,000 na kaskazini 9,254,000.» Maandishi hayo yabaki kwenye kila karatasi ya mpango wa eneo. Bila hayo, mtu atakayelipokea faili baada yako hatajua liliondolewa nini.

Picha ya GeoTIFF na leya za OpenStreetMap zihamishwe kwa kiasi hichohicho. Njia nyepesi ni kuingiza kila kitu kwanza kwenye faili moja la msingi kwa kodineti kamili, kisha kuchagua vyote pamoja na kuvihamisha kwa amri ya MOVE kutoka 522000,9254000 hadi 0,0.

Kuingiza kwenye programu yenyewe

Katika AutoCAD, fungua faili jipya na kabla ya lolote uandike UNITS uchague mita, au uweke INSUNITS kuwa 6. Faili la mchoro la DXF linalotoka QGIS hubeba namba tu, kwa hiyo wewe ndiye unayeiambia AutoCAD kwamba namba hizo ni mita. Hakikisha kwa DIST, amri ya kupima umbali, kwamba A hadi B ni 50.00, halafu uhifadhi. Faili hili la msingi libaki kwa mita daima. Mchoro wa jengo, ambao wasanifu wengi huuchora kwa milimita, uwe faili jingine lenye INSUNITS 4, na ramani iletwe ndani yake kwa XREF, amri ya kuunganisha faili moja ndani ya jingine. Vipimo vikiwa vimetajwa pande zote mbili, AutoCAD itazidisha kwa 1,000 yenyewe. Ukiona kiwanja kimekuwa kidogo kama nukta au kikubwa kuliko wilaya, faili moja halina kipimo kilichotajwa. Lirekebishe faili hilo, usiongeze amri ya SCALE juu ya kosa.

Amri ya ALIGN inasaidia pale ambapo mchoro ulikwisha kuanzwa mahali pengine. Hukuomba nukta mbili za kutoka na mbili za kwenda, na mwishoni huuliza kama ibadilishe ukubwa. Kwa data ambayo tayari iko kwa mita sahihi, jibu ni hapana. Ukijibu ndiyo, kosa dogo la kubofya nukta litageuka kuwa kosa la skeli la mchoro mzima.

Katika Revit, tumia Link CAD na usiache kipimo kwenye utambuzi wa moja kwa moja; chagua mita kwa mkono wako. Revit haipendi jiometria iliyo zaidi ya takriban kilomita 16 kutoka nukta yake ya ndani ya sifuri, na hapo faida ya kupunguza namba inaonekana tena. Jengo likae karibu na nukta hiyo, kisha kodineti kamili zitangazwe kwa Specify Coordinates at Point: bofya bikoni A, andika mashariki, kaskazini, kimo na pembe ya kaskazini ya kweli. Kuanzia hapo Revit itakuwa na namba mbili za kila kona, ya ndani na ya gridi, na utaweza kutoa faili kwa yoyote kati ya hizo.

ArchiCAD hufuata fikra hiyohiyo: matoleo yake mapya yana Survey Point, ambayo huwekwa juu ya bikoni na kupewa kodineti zake, wakati jengo linabaki karibu na sifuri ya mradi. Katika SketchUp, unapoingiza DWG fungua chaguo za uingizaji, chagua mita na uhakikishe kwamba faili lililopunguzwa namba ndilo unaloingiza. Kwa picha pekee, chombo cha Tape Measure kinatosha: pima kati ya nukta mbili unazozijua, andika urefu wa kweli, bonyeza Enter na ukubali kubadilisha ukubwa wa modeli. Chagua nukta zilizo mbali iwezekanavyo, kwa sababu kosa la sentimita 20 katika mita 10 ni asilimia 2, na katika mita 100 ni sehemu ya kumi ya hapo.

Ukibaki na karatasi pekee

Wakati mwingine mteja huleta fotokopi iliyokunjwa, na hakuna jedwali la kodineti. Angalia kwanza kama ina skeli ya mstari, ule mstari uliogawanywa kwa mita. Huo hupungua na kuongezeka pamoja na karatasi, ilhali maandishi ya «1:2,500» hubaki yaleyale hata mashine ya fotokopi ikiwa imepunguza karatasi kutoka A2 hadi A3. Faili la PDF lina hatari hiyohiyo ikiwa aliyelitengeneza alichagua kulikaza litoshe kwenye ukurasa.

Fungua picha hiyo kwenye Georeferencer ya QGIS, zana ya kuipa picha kodineti. Kama ramani ina misalaba ya gridi, bofya angalau minne, ikiwezekana sita, iliyosambaa pembezoni kote, na uandike kodineti za kila mmoja. Mageuzi ya Helmert huhitaji nukta mbili na hubadilisha ukubwa, mzunguko na mahali tu. Yale ya polinomia ya daraja la kwanza huhitaji tatu na yanaweza pia kurekebisha karatasi iliyonyooka zaidi upande mmoja, jambo la kawaida kwa karatasi iliyokaa miaka mingi kwenye joto na unyevu wa pwani. Ukiweka idadi ya chini kabisa ya nukta, QGIS itaonyesha kosa la sifuri, na sifuri hiyo haina maana yoyote kwa sababu hakuna nukta ya ziada ya kuikagua. Ongeza nukta uone kosa lililobaki. Likizidi pikseli mbili au tatu, tafuta nukta iliyokosewa kabla ya kuendelea, na usikimbilie mageuzi ya madaraja ya juu, kwa maana hayo huzipindisha sehemu za katikati ili tu zile nukta zikae.

Mita za gridi na mita za utepe

Gridi ya UTM hupunguza urefu kwa 0.9996 kwenye longitudo ya katikati ya kanda, ambayo kwa kanda ya 37 ni nyuzi 39. Mbezi iko karibu na mstari huo, kwa hiyo mita 50.00 za gridi kati ya A na B ni takriban mita 50.02 kwa utepe. Dodoma, iliyo mbali na katikati ya kanda yake na juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hukosea kinyume chake: kila mita 100 za ardhini huwa ndefu kwa sentimita 5 hadi 6 kwenye gridi. Kwa nyumba moja tofauti hii haimsumbui mtu. Kwa kiwanda, shule yenye majengo mengi au barabara ya kilomita moja, mwulize mpima ardhi kama urefu alioandika ni wa gridi au wa ardhini, na uandike jibu lake kwenye mchoro. Jengo lenyewe lichorwe daima kwa mita za kweli. Tofali halipungui kwa sababu ya gridi.

Vimo vina datamu yao. GPS hupima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, na kwa Dar es Salaam namba yake hutofautiana na kimo cha kutoka usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20. Kontua (mistari ya vimo sawa) zinazotengenezwa kutokana na data za bure za SRTM, zilizokusanywa kutoka angani mwaka 2000 kwa nukta zilizoachana takriban mita 30, zitakuonyesha mteremko unaelekea wapi. Usizitumie kuamua kimo cha sakafu wala mteremko wa bomba la maji taka. Kwa hayo mpima ardhi apime kiwanja upya kwa kutumia bikoni moja kama kianzio.

Kurudisha namba kiwanjani

Mchoro ukikamilika, andaa orodha ya kona za jengo kwa ajili ya mpima ardhi atakayeziweka ardhini. Rudisha 522,000 na 9,254,000 kwenye kila kona, taja datamu na kanda, na uandike safu kwa majina yake kamili, «Mashariki» na «Kaskazini», badala ya X na Y. Ongeza umbali wa kila kona kutoka bikoni mbili zilizo karibu. Umbali huo wa bikoni mbili ndio ambao fundi mwenye utepe ataweza kuukagua mwenyewe kabla ya kuchimba. Zikiwa zote mbili sawa na mchoro, na kona ikiwa upande sahihi wa mstari unaounganisha bikoni hizo, anaweza kuchimba msingi.